Diski za breki hubadilishwa lini? Jibu limeandikwa kwenye diski yenyewe

WENYE magari wengi nchini wanazifahamu pedi za breki. Wanaijua bei yake, wanautambua mlio wake zinapokwisha, na wanajua kuwa fundi atazibadilisha kwa muda mfupi huku mwenye gari amesimama kando akinywa soda. Lakini diski, kile kipande cha chuma ambacho pedi hukibana kila dereva anapokanyaga breki, wengi hawaikumbuki hadi usukani uanze kutetemeka mikononi mwao.

Hapo ndipo hasara na hatari hukutana. Wapo wanaofungiwa pedi mpya mara tatu au nne juu ya diski ile ile iliyokonda, hadi siku breki inapowatupa mteremkoni. Wapo pia wanaouziwa diski mpya ilhali za zamani zilikuwa na uhai mwingi uliosalia, na kasoro ilikuwa kwingine kabisa. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, kwamba uamuzi umefanywa kwa kusikiliza na kukisia, bila mtu yeyote kupima.

Kila diski ina kikomo cha unene ambacho mtengenezaji amekiamua na, kwa kawaida, kukichonga kwenye chuma chenyewe. Anayeweza kukisoma kikomo hicho na kukilinganisha na unene uliopo hahitaji kubishana na fundi wala kumwamini kwa macho yaliyofumbwa.

Kazi ya diski

Diski ni sahani ya chuma cha kusubu iliyofungwa kwenye kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Juu yake imekaa kalipa, kifaa chenye pistoni moja au zaidi. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki huisukuma pistoni, pistoni huzisukuma pedi, nazo pedi huibana diski kutoka pande zote mbili.

Msuguano huo huugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya takriban kilojuli 580, kiasi kinachotosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji baridi. Dereva akisimama ghafla, joto hilo lote huzalishwa kwa sekunde chache, na sehemu kubwa huingia katika diski. Isitoshe, kasi ikiongezeka mara mbili nishati huongezeka mara nne, ndiyo sababu breki zinazotosha mjini huweza kulemewa katika barabara kuu.

Diski za mbele hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa kuwa gari linapofunga breki uzito wake huinamia mbele. Kwa sababu hiyo, diski za mbele za magari mengi zimeundwa kwa nyuso mbili zenye njia za hewa katikati ili zipoe haraka. Za nyuma mara nyingi ni sahani moja isiyo na njia za hewa, na magari mengi madogo hayana diski nyuma bali yana ngoma.

Mpango huu si mgeni. Mwingereza Frederick Lanchester alijipatia hataza ya breki ya diski mwaka wa 1902, lakini ulihitajika muda wa nusu karne kabla ya wazo hilo kukubalika. Mwaka wa 1953 gari la Jaguar lililofungwa diski lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, na mwaka wa 1955 gari la Citroën DS likaingia sokoni likiwa na diski mbele. Faida iliyoonekana wakati huo ndiyo inayotafutwa hadi leo: diski iko wazi kwenye upepo, hivyo hupoa upesi kuliko ngoma.

Diski inapokonda, faida hiyo hupungua. Chuma kilichosalia ni kidogo, kwa hiyo hupata moto haraka zaidi kwa kazi ile ile. Diski hupoteza pia nguvu zake na kuwa rahisi kupasuka. Aidha, pistoni hulazimika kutoka mbali zaidi ndani ya kalipa ili kuzifikisha pedi kwenye diski. Pedi nazo zikiwa zimekwisha, pistoni inaweza kutoka kupita kiasi na mafuta ya breki yakavuja. Gari likiwa katika hali hiyo, kukanyaga breki hakuna maana tena.

Dalili zinazoonekana na kusikika

Dalili hazitoi hukumu, lakini humwambia mwenye gari kwamba wakati wa kufungua gurudumu umefika.

Dalili ya kwanza ni mtetemo wakati wa kufunga breki. Usukani ukitetemeka breki inapokanyagwa katika mwendo wa kasi, macho yaelekezwe kwenye diski za mbele. Mtetemo ukisikika zaidi kwenye kiti au sakafu, huenda chanzo kiko nyuma. Madereva husema diski imepinda, lakini mara nyingi haijapinda. Kilichotokea ni kwamba unene wake haulingani tena mahali pote, aidha kwa sababu imelika vibaya au kwa sababu masalio ya pedi yameganda sehemu moja ya uso wake. Tofauti ya takriban milimita 0.02 tu inaweza kutosha kuhisiwa na dereva.

Ya pili ni mifereji kwenye uso wa diski. Mistari myembamba ya mviringo ni jambo la kawaida. Lakini ukucha ukipitishwa juu yake na kukwama waziwazi, hiyo ni mifereji mirefu, na kwa kawaida imechimbwa na pedi zilizokwisha hadi bati lake kugusa diski, au na mchanga na vijiwe vilivyonaswa.

Ya tatu ni ukingo ulioinuka. Pedi hazifiki mwisho kabisa wa diski, hivyo sehemu ya nje hubaki na unene wake wa awali huku sehemu inayobanwa ikishuka. Ukingo mrefu ni ushahidi kwamba diski imelika sana, ingawa urefu wake pekee hautoshi kuamua.

Ya nne ni nyufa. Vistari vidogo vya juujuu hutokea kutokana na joto. Lakini ufa unaofika ukingoni mwa diski, au unaoanzia kwenye matundu ya skrubu, umemaliza mjadala. Diski hiyo iondolewe hata kama unene wake bado unaruhusu, na gari lisiendeshwe kabla ya kubadilishwa.

Ya tano ni madoa ya samawati au zambarau. Hayo huonyesha kwamba chuma kimepata joto kupita kiasi. Chanzo kinaweza kuwa kuteremka mlima mrefu kwa kutegemea breki peke yake, au kalipa iliyokwama na kuendelea kuibana diski gari likiwa mbioni.

Ya sita ni kutu. Kutu nyepesi inayotanda usiku baada ya mvua au gari kuoshwa huondoka breki inapokanyagwa mara chache, na si kasoro. Kutu mbaya ni ile iliyochimba mashimo kwenye uso unaobanwa, au iliyoanza kuzila njia za hewa kutoka ndani. Wakazi wa Mombasa, Malindi na Lamu, ambako hewa ina chumvi, wanapaswa kuichunguza zaidi. Vivyo hivyo kwa wenye magari yaliyotoka ng’ambo, ambayo husafiri baharini na kungoja bandarini kwa muda mrefu bila breki kutumiwa.

Kundi jingine linalostahili kuangaliwa ni magari ya haibridi, ambayo idadi yake katika barabara zetu imeongezeka. Katika magari hayo, mota ya umeme hupunguza mwendo na kurejesha nishati kwenye betri, hivyo pedi na diski hupumzika sana. Pedi zake hudumu, lakini diski zinaweza kuharibiwa na kutu kabla hazijalika.

Kuhusu kelele, mwenye gari awe mwangalifu. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski na kutoa mlio mkali pedi zinapokaribia kwisha. Mlio huo unazungumzia pedi. Mlio wa kukwaruza, wa chuma juu ya chuma, ndio unaotangaza kuwa pedi zimekwisha na diski inaliwa wakati huo huo. Anayeendelea kuendesha siku kadhaa akingojea mwisho wa mwezi huwa anageuza gharama ya pedi kuwa gharama ya pedi na diski. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Namna ya kupima

Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida huchongwa kwenye ukingo wa diski au kwenye sehemu yake ya katikati iliyoinuka kama kofia. Mara nyingi huanza na herufi MIN TH, zikifuatwa na nambari. Diski iliyochongwa MIN TH 23 inapaswa kutupwa ikishuka chini ya milimita 23. Kutu ikiwa imeifunika nambari hiyo, brashi ya waya itaifichua, na isipopatikana itatafutwa katika kitabu cha ukarabati cha gari husika.

Wanaoona tarakimu hizi kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi nafasi ilivyo ndogo. Diski ya mbele yenye milimita 25 ikiwa mpya mara nyingi hutakiwa kuondolewa ikifika milimita 23. Ya nyuma isiyo na njia za hewa, yenye milimita 9 au 10, kwa kawaida huruhusiwa kupoteza takriban milimita moja tu. Tofauti ya milimita moja au mbili haiwezi kuamuliwa kwa jicho, hata liwe jicho la fundi wa miaka 30.

Chombo kinachofaa zaidi ni maikromita. Fundi huinua gari kwa jeki, huliweka juu ya vigingi imara, huondoa gurudumu na kupima unene wa diski kiasi cha sentimita moja ndani ya ukingo wake. Hupima sehemu nane hivi kuizunguka diski, kisha huchukua kipimo kidogo kuliko vyote na kukilinganisha na nambari iliyochongwa. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo nayo humweleza kama mtetemo unatokana na unene usiolingana.

Gereji nyingi za jua kali hazina maikromita lakini zina kipimio cha vernia. Chombo hicho hufaa, ila kina mtego wake. Taya zake ndefu zilizonyooka hukalia ule ukingo ulioinuka, na diski iliyokwisha ikaonekana nene. Njia ya kuukwepa mtego huo ni rahisi. Sarafu mbili zinazofanana huwekwa kwenye uso wa diski, moja kila upande, ndani ya ukingo huo. Vyote hupimwa pamoja, kisha unene wa sarafu hizo mbili huondolewa kwenye jumla.

Kipimo cha pili huhusu kuyumba. Diski hufungwa kwa nati zake, geji yenye uso kama wa saa huwekwa ncha yake ikigusa diski, kisha diski huzungushwa polepole. Watengenezaji wengi hawaruhusu yumbo linalozidi kati ya milimita 0.05 na 0.1. Yumbo likizidi hapo, pedi huigusa diski sehemu moja katika kila mzunguko hata breki isipokanyagwa, na baada ya maelfu ya kilomita unene hukosa kulingana na mtetemo huanza.

Swali linalobaki ni la diski iliyo juu ya kikomo kwa kiasi kidogo mno, kwa mfano milimita 23.3 ilhali kikomo ni 23. Kisheria ya mtengenezaji bado ni nzima. Hata hivyo, pedi mpya zikifungwa juu yake, diski huenda ikavuka kikomo kabla ya pedi kwisha, na gari litakuwa barabarani na diski isiyofaa bila mtu kujua. Katika hali kama hiyo, busara ni kubadilisha diski na pedi kwa pamoja. Kazi ya kufungua ni ile ile, na malipo ya fundi hayatalipwa mara mbili.

Umbali ambao gari limesafiri hauwezi kuchukua mahali pa kipimo. Gari la abiria linalosimama kila kituo kati ya Githurai na katikati ya jiji hukanyaga breki mara nyingi mno kuliko gari la kibinafsi linalokwenda Voi na kurudi, ingawa la pili limesafiri kilomita nyingi zaidi siku hiyo.

Kasoro zinazosingiziwa diski

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, ni muhimu kuhakikisha kwamba diski ndiyo yenye hatia.

Mtetemo unaosikika gari likiwa katika kasi fulani hata bila breki kukanyagwa kwa kawaida hutokana na magurudumu yasiyosawazishwa, tairi lililoharibika au rimu iliyopinda kwa mashimo ya barabarani. Usukani unaocheza juu ya matuta hutokana na viungo vya usukani vilivyolegea. Kanyagio linalopigapiga mguu dereva anapofunga breki ghafla kwenye changarawe au utelezi ni mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama ukifanya kazi yake, wala si ugonjwa.

Gari linalovuta upande mmoja breki inapokanyagwa linahitaji kalipa zake zichunguzwe. Pedi ya ndani ikiwa imelika zaidi ya ya nje, au upande mmoja wa gari zaidi ya mwingine, pini zinazoiwezesha kalipa kuteleza huenda zimekauka au pistoni imekwama. Ishara nyingine ni gurudumu moja kutoa joto na harufu ya kuungua kuliko mengine baada ya safari. Diski mpya ikifungwa chini ya kalipa iliyokwama itaharibika katika muda mfupi, na lawama itamwangukia aliyeiuza.

Kukereza au kununua mpya

Diski yenye mifereji au unene usiolingana inaweza kukerezwa, yaani kulainishwa kwa mashine inayoondoa tabaka jembamba la chuma kutoka pande zote mbili. Ni kazi halali inayofanywa na karakana nyingi katika Eneo la Viwanda, Nairobi, na katika miji mingine mikubwa.

Sharti lake ni moja. Baada ya kukerezwa, diski lazima ibaki juu ya kikomo kwa kiasi cha kutosha kuzimaliza pedi zitakazofungwa. Diski ya milimita 24.5 yenye kikomo cha 23 inaweza kuvumilia. Ya milimita 23.4 haiwezi, kwa kuwa mashine ikimaliza itakuwa imeishusha hadi kikomoni au chini yake. Uso wake utang’aa kama mpya na mtetemo utakwisha, lakini mwenye gari atakuwa amelipia hatari. Kwa hiyo, kipimo kichukuliwe kabla ya kukereza na baada ya kukereza, mbele ya mwenye gari.

Yapo mambo yasiyotibiwa na mashine. Diski iliyopasuka, iliyoungua hadi chuma kikabadilika, au iliyoliwa na kutu kwenye njia za hewa haikerezwi.

Magari yenye ngoma nyuma hufuata kanuni iyo hiyo kinyume chake. Ngoma hulika kutoka ndani na kipenyo chake huongezeka, hivyo nambari iliyochongwa humo, aghalabu baada ya herufi MAX DIA, ni kipenyo kisichopaswa kuzidishwa.

Kununua na kufunga

Diski hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto za ekseli moja. Diski mpya upande mmoja na iliyokonda upande wa pili huzalisha nguvu na joto tofauti, na gari linaweza kuvuta upande breki inapokanyagwa kwa nguvu. Pedi mpya pia ni lazima, kwani zile za zamani zimekwisha kujifinyanga kulingana na mifereji ya diski iliyoondolewa.

Katika maduka ya vipuri, kama yale ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mnunuzi hukutana na diski halisi za mtengenezaji wa gari, diski za kampuni nyingine, na zilizotumika kutoka Japani. Diski iliyotumika si lazima iwe mbaya, lakini isinunuliwe bila kupimwa papo hapo. Diski mpya nayo ichunguzwe. Iwe na nambari ya kikomo, kipenyo na unene vilingane na vya ile ya zamani ilipokuwa mpya, njia za hewa ziwe zimepangika sawasawa, na isiwe nyepesi kwa njia inayotia shaka. Mnunuzi adai risiti, kwa kuwa bila risiti malalamiko yake hayana pa kushika.

Wakati wa kufunga, kosa linalorudiwa zaidi ni kuacha kutu kwenye habu. Punje ya kutu kati ya habu na diski huifanya diski mpya iyumbe, na baada ya miezi michache mwenye gari hurudi akilalamika kwamba diski zimepinda tena. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi iwe safi. Diski mpya, ambayo hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani, isafishwe kwa dawa ya breki au maji ya sabuni na kukaushwa. Pini za kalipa zipakwe grisi inayostahimili joto, lakini grisi isiguse kamwe uso wa diski wala pedi.

Nati za gurudumu zikazwe kwa kurukaruka upande hadi upande, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Magari mengi madogo ya Toyota huhitaji takriban nyutoni-mita 103. Mtindo wa kurukia spana kwa miguu, au wa kukaza kwa mashine ya upepo hadi nati ikatae, hukaza nati kwa nguvu zisizolingana na unaweza kuifanya diski iyumbe.

Kazi ikimalizika, kanyagio la breki likanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama hadi liwe gumu. Kabla ya hapo gari lisisogezwe hata hatua moja, kwa sababu pistoni zilisukumwa nyuma na ukanyagaji wa kwanza hauwezi kusimamisha chochote. Baadaye, katika barabara tulivu, dereva apunguze mwendo kutoka kilomita 50 au 60 kwa saa hadi 20, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, kisha aendeshe kwa dakika kadhaa breki zipoe. Hatua hiyo huzifanya pedi na diski zizoeane, na huzuia masalio ya pedi kuganda mahali pamoja.

Mteremko ndio mtihani

Breki zilizochakaa huweza kumfichia dereva siri kwa miezi mingi katika msongamano wa mjini, ambako mwendo ni wa pole. Siri hutoka mteremkoni. Kila gari la kilo 1,500 linaposhuka mita 100 kwenda chini, linazalisha nishati ya takriban kilojuli 1,470, sawa na kulisimamisha mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na injini, na inayobaki huzikabili breki.

Kenya ina miteremko ya kutosha. Barabara ya zamani inayoshuka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita kutoka Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hutumiwa kila siku na malori na magari madogo. Katika Daraja la Nithi, kwenye barabara ya Meru kwenda Nairobi, basi lilitumbukia mtoni Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mabasi na malori mengi hutumia ngoma zinazoendeshwa kwa upepo, lakini kanuni ya joto haichagui aina ya gari.

Kwa hiyo dereva anatakiwa ashuke mlima kwa gia ya chini ili injini isaidie kuzuia gari. Magari ya otomatiki nayo yana nafasi ya L, 2, S au B kwa kazi hiyo hiyo. Breki ikanyagwe kwa nguvu ya wastani hadi mwendo upungue, kisha iachiliwe ipoe, badala ya kuwekewa mguu mwepesi toka juu hadi chini. Gari likifika bonde likiwa limepata moto, lisipelekwe moja kwa moja kuoshwa, kwani maji baridi juu ya diski ya moto yanaweza kuipasua.

Mafuta ya breki yana sehemu yake katika usalama huo. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na kanyagio huenda hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni ushauri unaotolewa kwa magari mengi. Diski iliyokonda, inayopata moto haraka, na mafuta yaliyozeeka ni ndugu wawili wasiofaa kusafiri pamoja.

Maswali ya kumwuliza fundi

Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Ukaguzi wa siku moja hata hivyo hauwezi kulinda breki kwa siku nyingine 364. Jukumu hilo ni la mwenye gari, na hutimizwa vyema zaidi kila pedi zinapobadilishwa au magurudumu yanapotolewa.

Maswali ni manne. Nambari iliyochongwa kwenye diski ni ipi? Unene uliopo sasa ni upi, na umepimwa kwa chombo gani? Je, pande zote mbili za gari zinalingana? Kama hazilingani, kalipa imechunguzwa? Majibu yaandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe na kilomita. Ukaguzi ujao utaonyesha diski imepoteza kiasi gani kwa muda gani, na mwenye gari ataweza kukadiria siku ya kununua nyingine kabla ya safari ya Krismasi, wakati ambapo gari limejaa jamaa na mizigo.

Fundi mwaminifu hataudhika kuulizwa, kwa kuwa kipimo humlinda yeye pia. Na yule anayesema diski imekwisha lakini hataki kuipima, au anayesema bado ni nzima huku akiitazama kwa mbali, amempa mteja sababu tosha ya kutafuta gereji nyingine kabla ya kufika Mai Mahiu.